Mpira Tuutazame, Mshahara Tusiuchezee



Nchi zetu tatu jirani, Kenya, Uganda na Tanzania, hazijapata kufika fainali za Kombe la Dunia hata mara moja. Jambo hili linauma, na viongozi wa mpira wana la kujibu. Lakini limetupa uhuru ambao wenzetu wa Brazili hawanao. Mashindano yakianza hatuna deni kwa timu yoyote. Tunatoka zamu, tunakaa mbele ya televisheni, tunatazama dakika kumi za kwanza, kisha moyo wenyewe unachagua.

Mara nyingi moyo huo humchagua mnyonge. Wazee wa karakana hawajaisahau Kameruni ya mwaka 1982 kule Hispania. Ilicheza michezo mitatu, haikufungwa hata mmoja, ikatolewa kwa kuwa Italia, waliokuwa sawa nayo kwa pointi, walikuwa na bao moja zaidi la kufunga. Na Italia hao ndio waliolichukua Kombe! Mwaka 1990 Kameruni wakarudi, wakawafunga mabingwa Argentina 1-0 katika mchezo wa ufunguzi, wakamaliza wakiwa 9 uwanjani. Hatukuwa na ndugu Kameruni, wala hatukuhitaji kuwa naye.

Sasa tuseme lililotufanya tuandike. Jumapili tarehe 18 Desemba 2022, saa 12 jioni, tulijaa bwaloni kutazama Argentina na Ufaransa. Argentina wakatangulia 2-0, wengine wakaanza kuaga. Dakika ya 80 Mbappé akafunga penalti, na kabla hatujakaa vizuri akafunga la pili kwa mkwaju wa hewani. Wakamaliza muda wa nyongeza 3-3, Argentina wakashinda kwa penalti 4-2. Watu wasiojuana walikumbatiana.

Mwenzetu mmoja hakukumbatia mtu. Alikuwa ameweka fedha ya kodi ya nyumba kwamba Argentina watashinda. Wameshinda, lakini kamari yake ilihesabu dakika 90 tu, na dakika 90 ziliisha 2-2. Alitutaka tumweleze mara tatu. Wiki nzima sisi tulizungumza lile bao la pili la Mbappé. Yeye alisema hakuliona vizuri, alikuwa akitazama saa.

Hiyo ndiyo hasara tunayoisema, mbali na ile ya kodi. Mtu aliyeweka mshahara wake hana tena ruhusa ya kufurahia bao zuri la upande wa pili. Amejitia utumwa wa timu ambayo hata jina la kipa wake hajui. Wapo watakaosema shilingi kidogo huongeza utamu. Sisi tunaona mchezo ule haukuhitaji chumvi ya mtu.

Kwa hiyo tunaitaka halmashauri yetu ya wafanyakazi izuie ukusanyaji wa fedha za kamari bwaloni, hasa siku za mshahara. Vilevile orodha ya kubadilishana zamu ibandikwe mapema, mara ratiba ya mashindano inapotoka, ili wa zamu ya usiku nao waone angalau nusu fainali. Mara iliyopita orodha ilibandikwa mashindano yamekwisha anza, tukagombana bure. Fedha ya chai tutachanga wenyewe.