Kupanga Ifakara: nyumba unaiona kiangazi, lakini utaishi humo masika

Kila mwaka mpunga ukishauzwa, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9, madalali wa nyumba Ifakara huwa na kazi nyingi. Wazazi wanakuja kutoka Mngeta, Mchombe, Mlimba, Malinyi na vijiji vya Ulanga wakitafuta chumba. Wapo wanaotaka mtoto asome sekondari karibu. Wapo wenye mgonjwa anayehudhuria kliniki katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na wapo wanaotaka kufungua biashara ndogo huku shamba likiendelea.

Huo ndio wakati ambao mkulima ana fedha mkononi. Pia ndio wakati ambao kila nyumba mjini inaonekana nzuri: uwanja umekauka, choo hakina harufu, ukuta hauna unyevu. Anatoa kodi ya miezi sita au mwaka mzima, anapewa ufunguo, anarudi shambani.

Makala haya yanaeleza kwa nini familia za vijijini ndizo zinazoumia zaidi kwa utaratibu huo, sheria inasemaje, na mambo gani ukubaliane nayo kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kwa nini vyumba vinatafutwa sana

Ifakara haikuanza leo kupokea wageni. Wandamba, Wambunga na Wapogoro wameishi hapa na jirani kwa vizazi vingi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilileta watu kutoka mikoa mingine. Mashamba ya miwa upande wa Kidatu, kilimo cha mpunga bondeni, hospitali, utafiti wa afya na chuo cha afya vimeleta wengine. Leo katika nyumba moja ya vyumba sita unaweza kumkuta Mbena, Msukuma, Mhehe na Mngoni, Mkristo na Muislamu, wote wakitumia kisima kimoja na choo kimoja.

Kilichobadilika karibuni ni usafiri. Kabla ya daraja, mtu wa Ulanga au Malinyi alivuka Mto Kilombero kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka. Mwaka 2018 lilifunguliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384. Kisha ikaja lami ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, barabara ambayo zamani wakati wa mvua ilikuwa ya kukwama na kulala njiani. Mji ukifikika, wanaotaka kuishi humo wanaongezeka, na mwenye chumba anapata nafasi ya kuchagua mpangaji na kuweka masharti.

Fedha ya mavuno yote kwa mara moja

Tuchukue mfano. Chumba na sebule kinapangishwa kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka, yaani 480,000. Dalali naye, kwa desturi, anachukua kodi ya mwezi mmoja, 40,000. Jumla ni 520,000. Ukiuza gunia la mpunga kwa shilingi 80,000, hayo ni magunia sita na nusu yameondoka kabla mtoto hajanunuliwa sare.

Tusimlaumu mwenye nyumba peke yake. Wengi wao si matajiri. Kuna mama mjane anayesomesha kwa kodi ya vyumba viwili, kuna mstaafu anayesubiri kodi ya mwaka ili aezeke chumba cha tatu. Wapo pia waliowahi kukimbiwa na mpangaji usiku, akaacha deni la miezi minne. Kodi ya mkupuo ndiyo dhamana yao.

Sheria nayo haimzuii kuidai. Zamani ilikuwepo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi na idadi ya miezi ya kulipa mapema ni makubaliano ya watu wawili.

Mkulima tofauti na mwalimu au muuguzi hana mshahara wa kila mwezi, kwa hiyo mara nyingi yeye mwenyewe anaona heri kulipa yote wakati fedha ipo. Tatizo linaanza mvua zinapoanza.

Mvua ikija, mzazi yuko shamba

Watu wa bonde hili wanajua kalenda yao. Kuanzia mvua za mwanzo wa mwaka hadi mavuno, wazazi wengi wanahamia shambani, wengine mbali kabisa na barabara, kulima, kupalilia na kuamia ndege. Watoto wanabaki mjini na dada mkubwa, na bibi, au peke yao kwenye chumba ambacho wanafunzi wanakiita geto.

Miezi hiyohiyo ndiyo ya maji. Mto Lumemo unashuka kutoka milima ya Udzungwa na kupita Ifakara kwenye ardhi tambarare. Wakati wa masika ya 2024 maji yake yaliingia kwenye makazi ya watu mjini, familia zikahama na vyombo vikaharibika. Maji ya namna hiyo yanaingia ndani, yanajaza vyoo vya shimo, na yakichanganyika na visima vifupi, magonjwa ya kuhara hufuata.

Kwa hiyo nyumba iliyochaguliwa mwezi wa 7, mzazi akiwa mjini, inapimwa mwezi wa 4, mzazi akiwa hayupo. Mtoto wa kidato cha pili ndiye atakayebeba godoro. Na mtu wa kwanza kumsaidia atakuwa jirani wa chumba cha pili, ambaye pengine mzazi hajawahi hata kumsalimia.

Sheria inasemaje maji yakiingia

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, ina sehemu nzima ya upangishaji. Mambo manne humo yanamhusu mpangaji wa kawaida.

Kwanza, upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kuwa wa mdomo au wa maandishi. Makubaliano ya mdomo ni halali. Shida yake ni ushahidi: mkigombana, kila mtu atakumbuka maneno yake.

Pili, mwenye nyumba anatakiwa kukupa chumba kinachofaa kuishi binadamu na kukiacha kiendelee kufaa. Kama amekupangisha sehemu tu ya nyumba, paa, kuta kuu, mifereji na sehemu za pamoja ni jukumu lake kuzitunza. Anatakiwa pia kukuacha ukae kwa utulivu, bila kuingia na kutoka chumbani kwako anavyotaka.

Tatu, kama hamkutaja muda, muda unahesabiwa kwa jinsi unavyolipa. Ukilipa kwa mwezi, notisi ya kukutoa isipungue mwezi mmoja. Kukutolea vyombo nje asubuhi moja bila notisi si utaratibu wa sheria.

Nne, na hili wengi hawalijui: nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, dhoruba au janga jingine ambalo mpangaji hakulisababisha, hata isifae kuishi yote au sehemu yake, kodi au sehemu ya kodi inayolingana na uharibifu inasimama mpaka nyumba itengenezwe.

Hapo ndipo kodi ya mwaka inapomuumiza mkulima. Anayelipa kila mwezi, maji yakiingia, anasitisha malipo na kumwambia mwenye nyumba, "Tengeneza kwanza." Aliyekwishalipa mwaka mzima hana malipo ya kusitisha. Fedha yake iko kwa mwenye nyumba, labda imeshageuka mabati. Katika mfano wetu, kama chumba hakikaliki mwezi wa 5 na wa 6, shilingi 80,000 ni haki yake, lakini sasa inabidi aiombe, aifuatilie, na aithibitishe. Wote wawili wana haki ileile kisheria, ila mmoja ana nguvu ya kuitumia na mwingine anabaki kuomba.

Mambo ya kuandika kabla ya kulipa

Huhitaji mwanasheria. Karatasi moja ya daftari, nakala mbili, saini za pande zote na mashahidi wawili, kisha mhuri wa ofisi ya mtaa, inatosha kwa nyumba nyingi. Andika haya:

Kodi ni kiasi gani, imelipwa kuanzia tarehe ipi hadi ipi. Kulipa kwa simu kunasaidia, kwa sababu ujumbe wa muamala unabaki na jina na tarehe. Usiufute.

Maji yakiingia, siku au miezi ambayo chumba hakikaliki itarudishwa kwa fedha au itasogezwa mbele. Sentensi hii moja ndiyo inayorejesha nguvu kwa aliyelipa mwaka.

Nyumba ikiuzwa au mwenye nyumba akifariki, upangaji utaendelea hadi muda uliolipiwa uishe.

Umeme. Kama mita ya LUKU ni moja kwa vyumba vinne, mtagawana vipi? Mwenye jokofu na mwenye taa mbili hawawezi kulipa sawa bila manung'uniko. Na kumbuka, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Tangu 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kama inakatwa kwenye umeme unaonunua wewe, kubalianeni iondolewe kwenye kodi ya pango.

Idadi ya watu. Usifiche watoto. Ukisema mko wawili kisha mkahamia sita, umempa mwenye nyumba sababu ya kukutoa. Kama hataki watoto, ni heri ujue mapema.

Magunia. Mkulima akipanga mjini, mpunga unamfuata. Ulizia kama unaweza kuhifadhi ndani na kuanika uani.

Kagua kama anayekuja kulala mwezi wa 4

Iwe ni Kibaoni, Viwanjasitini, Lipangalala, Mlabani au Katindiuka, usimuulize dalali kama maji yanafika. Dalali analipwa ukichukua chumba. Muulize mpangaji wa nyumba ya pili, na muulize hivi: "Mwaka 2024 maji yalifika wapi hapa?" Atakuonyesha kwa mkono ukutani. Tazama rangi ya ukuta chini, kama kuna mstari au plasta iliyobanduka. Tazama choo kiko juu au chini ya kisima, na njia ya mtoto kwenda shule inavuka mfereji gani.

Tazama pia juu. Uwazi kati ya ukuta na paa ndio mlango mkubwa wa mbu wa malaria usiku. Nyumba yenye dari, uwazi ulioziwa na wavu madirishani inapunguza mbu wanaoingia ndani. Kwa familia yenye watoto wadogo, hilo lina thamani kuliko rangi mpya ya mlango.

Majirani ni sehemu ya nyumba

Katika uwanja wenye makabila na dini tofauti, ugomvi mwingi huanzia kwenye zamu ya kufagia, zamu ya choo, redio usiku, pombe uani, au nguruwe waliofugwa jirani na familia ya Kiislamu. Haya yote yanazungumzika kama yakizungumzwa siku ya kwanza. Yakisubiri, yanageuka kuwa "watu wa kabila fulani ndivyo walivyo", na hapo kusuluhisha ni kazi.

Kwa mzazi anayerudi shamba, salamu kwa majirani si adabu peke yake, ni ulinzi wa mtoto. Jitambulishe kwa kila mlango. Wape namba yako, chukua zao. Wataje watu ambao wanaruhusiwa kuingia chumbani kwa mtoto wako, hasa binti. Binti anayeishi geto peke yake, bila mtu mzima anayejua jina la baba yake, yuko hatarini zaidi kuliko anayeishi katika uwanja ambao mama mmoja ameambiwa, "Dada, nakuachia mwanangu."

Jiandikishe pia kwa mwenyekiti wa mtaa, ukiwa na barua ya utambulisho kutoka kijijini. Likitokea janga, orodha ya wanaosaidiwa huanzia kwenye majina ambayo ofisi ya mtaa inayajua.

Mgogoro ukitokea, anza na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Usiposuluhika, unakwenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lipo hapa Ifakara. Kote huko utaulizwa swali la kwanza: karatasi iko wapi?

Kazi iliyobaki kwa mji

Mpangaji mmoja mmoja hawezi kumaliza hili. Ofisi za mitaa zinaweza kuwa na fomu moja rahisi ya mkataba kwa Kiswahili, yenye sentensi ya mafuriko ndani yake, ili mkulima asionekane mkorofi anapoiomba. Halmashauri ya Mji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na inaweza kuweka alama za wazi za pale maji yalipofika 2024, ili mgeni wa mwezi wa 7 aone kile ambacho mwenyeji anakijua. Mwenye nyumba iliyo mahali pa juu atapata wapangaji kwa haki, na mwenye nyumba ya bondeni atapata sababu ya kuinua msingi.

Msikilizaji, kama mwaka huu unapanga, jaribu kugawa malipo: nusu sasa, nusu baada ya masika. Mwenye nyumba akikataa, basi sentensi ya mafuriko iandikwe kabla hujahesabu fedha. Kisha, kabla ya kupanda basi kurudi shamba, pita kwa jirani wa mlango wa pili umpe namba yako.