Mgongo wa Mama si "Uzee Tu"

Watu wangu wa Garsen, hili limenikaa rohoni. Mama yangu analia mgongo mwaka wa pili sasa. Kila akienda kutibiwa ni sindano na maneno yale yale: "Ni uzee tu, mama, kalale upumzike." Wiki haiishi, maumivu yamerudi.

Mimi si daktari, hata chuo niliachia njiani. Lakini kusoma sijaacha. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya mgongo yanayopita miezi 3. Linapendekeza mazoezi na mgonjwa aelezwe hali yake vizuri. Ile mikanda ya mgongo tunayonunuliana? Haipendekezwi.

Na sisi tunaokunywa maziwa mabichi, tuskizane. Brusela hushika mgongo. TB pia hula uti wa mgongo. Ukiwa na homa zinazokuja na kwenda, jasho la usiku, au unakonda, usikubali sindano nyingine kabla hujapimwa. Miguu ikikosa nguvu au mkojo ukatae kuzuilika, hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu sisi vijana. Tunaishi kando ya mto mrefu kuliko yote Kenya, na mama zetu bado wanabeba maji kichwani. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Serikali itudai kura, nasi tuidai mifereji. Lakini kabla mfereji haujafika, mtungi wa kesho asubuhi nabeba mimi. Wewe je?