Mhakiki Asiyejulikana Jina

Watu wa Vamizi, kisiwa cha Wamwani kilichoko kaskazini mwa Cabo Delgado, kwa miaka mingi wameishi kwa samaki wa miamba ya matumbawe, na sehemu ya miamba hiyo waliitenga isivuliwe. Wanasayansi nao huizamia, kisha huandika. Kabla makala haijachapishwa, jarida kama lile la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, huupeleka mswada kwa wahakiki, ambao mara nyingi mwandishi hayajui majina yao.

Hapo ndipo penye mtihani. Mhakiki aliye hasimu wa mwandishi, au mshirika wake, yampasa ajitoe. Akilichota wazo la mswada, ameiba. Lakini kwangu mimi kosa kubwa zaidi ni kupitisha kwa uvivu, uvivu ambao sisi walimu twaujua vyema tusahihishapo madaftari usiku. Mswada ukipendekeza eneo lifungwe, na mhakiki asiulize mwandishi alizamia mara ngapi, katika msimu gani, wala kama wavuvi walisikilizwa, atakayekosa kitoweo ni mvuvi ambaye mswada ule, ulioandikwa kwa Kiingereza, hakuusoma.