Bafta Isitupwe

Wanachama wenzangu, katika mjadala wa chama muhula uliopita, mmoja wetu alidai ati neno "bafta" ni la Wahindi, tulitupe, tuseme tu "kitambaa cheupe". Akapigiwa makofi kweli kweli. Mimi nilinyamaza, lakini sikukubali.

Babu alipofariki mwaka 2023, mama alinituma dukani mbio. Neno lilinitoka kichwani, nikaitisha hicho hicho kitambaa cheupe. Muuzaji akanitandazia satini, tetroni, hata cha pazia! "Cha nini?" akauliza. Nikashindwa kutamka. Mzee mmoja mle dukani akaniambia polepole, "Mjukuu wangu, ni cha sanda? Sema bafta." Nikapimiwa papo hapo.

Nguo hiyo ya pamba ni ya Uhindi, sibishi. Mji wa Bharuch, kule Gujarat, ulisifika kwayo, na wafanyabiashara wa Gujarat walileta nguo za pamba pwani yetu hata kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498. Lakini jina, kumbe, asili yake ni Kiajemi: maana yake "iliyofumwa". Weupe haumo kabisa! Zamani bafta nyingine zilitiwa rangi. Jina linataja kazi ya mfumaji, basi.

Tena "pamba" nayo ni Kiajemi. Tuitupe pia?

Yule mwenzetu wa makofi namwomba aende dukani aitishe kitambaa chake cheupe, halafu atuonyeshe amerudi na nini.