Nani Aliyeitwa Mtaalamu?

 

Shule zilipofungwa nilimchukua mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili huko Bungoma, tukapanda matatu kwenda Kitale kuzuru jumba la makumbusho. Aliangalia nyoka, akaingia katika nyumba za kiasili, kisha akasikia habari za Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyeanzisha makumbusho yake mwaka wa 1926, akikusanya vipepeo, ndege na vitu vingine. Stoneham alifariki mwaka wa 1966 akiwa ameiachia nchi mkusanyo wake, na mwaka wa 1974 makumbusho ya sasa yakafunguliwa.

"Shangazi, alikuwa profesa?" kijana akaniuliza.

Nikamjibu kwamba alikuwa mwanajeshi na mkulima.

"Mbona nyanya anajua wadudu kumshinda mwalimu wetu, na hakuna anayemwita mtaalamu?"

Swali hilo, msomaji, lilinikalia moyoni mpaka tukafika nyumbani.

Ukweli ni kwamba zamani utaalamu ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mabawabu. Huko London kilianzishwa mwaka wa 1660 chama cha wanasayansi kiitwacho Royal Society. Ili uingie, ilikubidi upendekezwe na walio ndani, kisha upigiwe kura. Wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, walichaguliwa mwaka wa 1945. Hebu piga hesabu: ni miaka 285 baadaye! Je, kabla ya hapo hakukuwa na mwanamke mwenye akili?

Huku kwetu, chama cha kuchunguza wanyama, ndege na mimea ya Afrika Mashariki na Uganda kilianzishwa mwaka wa 1909. Waanzilishi wake walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari na walowezi. Mmoja wao alikuwa C. W. Hobley. Ukisafiri kutoka Bungoma kwenda Kitale kwa njia ya Webuye, utapita karibu na kilima cha Chetambe. Hapo mwaka wa 1895 Wabukusu walipigwa kwa bunduki za mzinga wa Maxim, na watu wengi wakafa. Hobley, aliyekuwa mtawala wa Waingereza huko Mumias, alikuwa katika msafara huo wa vita. Miaka 14 baadaye, yeye akawa mwanachama mwanzilishi. Na wale waliojua kila ndege wa Mlima Elgon kwa jina na kwa sauti? Hao waliitwa wapagazi na waongozaji njia.

Lakini tusiishie kwenye kulalamika. Kuna jambo moja wanachama wale walilolifanya ambalo sisi hatukulifanya: waliandika. Kipepeo aliyekaushwa bila karatasi ya kueleza alikamatwa wapi, lini na nani, ni pambo tu la ukutani. Akiwa na karatasi hiyo, anaweza kumfundisha mtu atakayezaliwa miaka 100 ijayo. Nyanya wa kijana wangu anajua ni mvua ipi inayowatoa chiswa, yaani kumbikumbi, na ni kichuguu kipi kinachotangulia. Elimu hiyo imo kichwani mwake peke yake. Siku atakapotutoka, itazikwa naye.

Siku hizi mabawabu wameondoka. Chama kile cha 1909 kingali hai, kinajulikana kama Nature Kenya, na hakiulizi rangi wala ukoo wa mtu. Vyama vya wanyamapori mashuleni vilianza humu nchini mwaka wa 1968. Bawabu aliyebaki, nasikitika kusema, mara nyingi ni mzazi. "Ndege watakulisha?" ndivyo tunavyowauliza watoto wetu, kisha tunashangaa kwa nini vitabu kuhusu mlima wetu viliandikwa na wageni.

Basi nilimnunulia mpwa wangu daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe, mahali, aina ya mvua, na mwisho: "Aliyenieleza ni nyanya," pamoja na jina lake kamili. Bibi alipoonyeshwa jina lake alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Keti, bado sijakueleza ya nyuki."

Wewe mzazi, na wewe mwanafunzi, daftari si ghali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu nayo ni mali. Muulize mzee wako leo, na usisahau kuandika jina lake.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.