Morfini si hukumu ya kifo

Hapa Uyole, mzee akilalamika kiuno, jibu huwa tayari: ni uzee, ni baridi, ni miaka mingi ya kulima viazi. Ananunuliwa diklofenaki duka la dawa, maisha yanaendelea. Mara nyingi ni kweli, ni kazi ngumu tu. Lakini kama mzee huyo ana saratani ya tezi dume, maumivu ya kiuno, nyonga, mbavu au paja yanayozidi usiku na yasiyotulia hata akipumzika yanaweza kuwa dalili kwamba saratani imefika kwenye mifupa.

Ikifika huko haiponi. Maumivu yake, hata hivyo, yanatibika, na sikubaliani na wanaomwambia mgonjwa avumilie.

Saratani hii hutegemea homoni ya kiume, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Kwa ambaye hajaanza tiba, kuipunguza homoni hiyo kwa sindano, au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, mara nyingi huleta nafuu ndani ya siku au wiki chache. Wazee wengi wanaukataa upasuaji huo kwa kuona wanavuliwa uanaume. Uamuzi ni wao, ila waamue wakijua faida na hasara zake.

Ipo pia mionzi. Dozi moja tu, ikielekezwa kwenye mfupa unaouma, hupunguza maumivu kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Kutoka hapa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo muulize daktari kama kwa mgonjwa wako dozi moja inatosha.

Dawa nazo zina mpangilio. Diklofenaki ya kila siku huumiza tumbo na figo, na saratani hii inaweza kuwa imeshaziba njia ya mkojo na kuzielemea figo hizo. Maumivu makali yanahitaji morfini ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeielekeza kwa maumivu ya saratani tangu mwaka 1986.

Najua jina hilo linavyotisha. Familia husema, "Akianza hiyo, ndiyo basi." Morfini ikitolewa kwa kipimo sahihi haifupishi maisha, na hofu ya uraibu isimnyime usingizi mtu anayeumwa mifupa. Hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi. Hufunga choo, hivyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua, lakini mgonjwa akiwa mgumu kuamka au akipumua polepole mno, mpelekeni hospitali mara moja. Wajukuu wasiifikie chupa hiyo, ifungieni.

Uganda tangu mwaka 2004 imewaruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika morfini, na serikali yao huitoa bure. Nataka na sisi tufike huko: dawa ipatikane karibu na nyumbani, na ndugu mwenye kadi ya mgonjwa aweze kuichukua. Si haki mzee ambaye mfupa wake unaweza kuvunjika kwa mtikiso wa bajaji asafirishwe kwa sababu ya chupa moja.

Jambo moja halisubiri kliniki: miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo na choo vikigoma kutoka au vikitoka bila kujizuia, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na kuchelewa huweza kumwacha amepooza.

Mkienda kliniki, msikae kimya. Mwambieni daktari mzee analala saa ngapi, na maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Kama dawa haitoshi, semeni haitoshi.