Mizani ya Kisasa Yahitaji Maelezo kwa Kiswahili

Tarehe 26 Aprili mwaka 1967, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililomo baharini, mkabala wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Waitaliano iliyoitwa San Marco 2, na ndani ya setilaiti hiyo mlikuwa na mizani. Haikuwa mizani ya kupimia samaki wala mbata, bali chombo kilichobuniwa na Profesa Luigi Broglio ili kupima kani ndogo mno ambayo hewa nyembamba ya angani huitia setilaiti inapopita. Ganda la nje lilishikanishwa na kiini kizito cha ndani kwa viungo vyenye kunyumbuka. Hewa ilipolisukuma ganda, viungo vilipinda kidogo, na kupinda huko kukageuzwa kuwa vipimo.

Miaka mingi imepita, na leo jamaa wa chombo kile wamo miongoni mwetu. Nazungumzia mizani ya dijitali ya kuning'iniza, ile yenye pete juu, ndoano chini na kioo chenye tarakimu zinazong'aa katikati. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachonyooka kidogo mno kinapovutwa. Juu ya chuma hicho zimegandishwa nyuzi nyembamba ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika zinaponyooka pamoja nacho, na badiliko hilo ndilo linalosomwa na kuandikwa kiooni. Mizani ya namna hii hutumika penye kreni, maghalani, katika karakana za mashua na hata katika fuo wanakoshushia samaki. Ni chombo kizuri. Hata hivyo, ni chombo ambacho wengi wanaokitumia hawajapata kuelezwa, kwa lugha wanayoielewa, kinapima nini na kinaweza kuwadhuru vipi.

Tatizo linaanzia katika maneno. Katika mazungumzo ya kila siku neno 'uzito' hubeba maana mbili ambazo fizikia huzitenga. Kuna wingi wa maada iliyomo katika kitu, ambao wenzetu wa Tanzania huuita tungamo, nao hupimwa kwa kilo. Kuna pia kani, yaani mvuto au msukumo ambao kitu hutiwa au hukitia kingine, nayo hupimwa kwa nyutoni. Uzito wenyewe, kwa maana ya kitaalamu, ni kani ambayo dunia hukivutia kitu chini. Kilo moja huvutwa kwa kani ya nyutoni 9.8 hivi. Neno 'kani' si geni wala halikuundwa ofisini. Ni neno la wazee wetu, wanaosema kwamba mtu 'ameshika kani' anapokaidi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Kwa hivyo, hatuwezi kusingizia kwamba Kiswahili hakina msamiati. Kasoro ni kwamba msamiati huo haujafika karakanani.

Pengine msomaji atauliza: kuna madhara gani fundi akichanganya tungamo na kani? Chukulia mashua inayovutwa kutoka majini kwa mnyororo na kapi, ikipita juu ya magogo. Fundi anatia mizani yake kati ya mnyororo na mashua, na kioo kinasoma kilo 500. Anaamini kwamba mashua ina uzito wa kilo 500. Sivyo kamwe. Kioo kimempa kani iliyohitajika kuishinda mikwaruzo ya magogo na mwinamo wa ufuo, takriban nyutoni 4,900 tu. Mashua yenyewe yaweza kuwa na tani 2. Kesho yake fundi huyo huyo akiining'iniza mashua ile kwa mnyororo wa tani moja ili apake rangi tumboni mwake, atakuwa ametega mtego, na atakayekuwa chini yake ni kijana anayeshika brashi. Namba ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni neno la kuieleza.

Upande wa biashara nao una yake. Kwa kuwa mizani hii hupima kani kisha ikaandika kilo, usahihi wake hutegemea mvuto wa dunia mahali ilipo. Mvuto huo haulingani kila mahali. London ni kama mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde, ilhali Malindi, iliyo karibu na ikweta, ni kama 9.78. Mizani iliyorekebishwa London na kuletwa Malindi bila ya kurekebishwa upya itausoma mzigo wa kilo 1,000 kuwa kilo 997 hivi. Kilo tatu zimepotea bila ya mwizi. Anayepoteza ni muuzaji, naye aghalabu ndiye mnyonge: mvuvi anayeuza kwa tajiri aliyemkopesha nyavu, au mkulima wa nazi na korosho. Ndiyo maana Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa mhuri na afisa wa serikali. Kung'aa kwa tarakimu si mhuri. Mvuvi ana haki ya kuuliza mhuri uko wapi, na ni wa mwaka gani.

Turejee kwenye usalama, kwa maana hasara ya kilo hufidika lakini ya roho haifidiki. Kila mizani ya kuning'iniza huandikwa kikomo chake, na kikomo hicho huhusu mzigo uliotulia. Mzigo ukiachiliwa ghafla, hata kama haukuanguka, waweza kutia kani karibu maradufu ya uzito wake. Ukianguka kidogo kabla ya kamba kukazika, kani hupanda zaidi ya hapo. Hali kadhalika, mzigo ukifungwa kwa kamba mbili zilizopanuka hadi pembe baina yao ikafika digrii 120, kila kamba hubeba kani sawa na uzito wote wa mzigo, wala si nusu yake kama wengi wanavyodhani. Mizani ivutwe wima, si kwa ubavu. Ndoano iwe na kilimi chake kinachofunga. Kioo kisome sufuri kabla ya mzigo kutiwa. Na kubwa kuliko yote, mtu asisimame chini ya mzigo wala asipitishe mkono, hata kama ni kwa ajili ya kusoma tarakimu.

Matunzo nayo ni sehemu ya usalama. Hewa ya pwani yetu, tangu Mtwapa hadi Marereni kwenye mashamba ya chumvi, hula chuma kimya kimya. Mizani ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe, ihifadhiwe mahali pakavu, isiachwe ikining'inia usiku kucha na mzigo. Betri ikidhoofika ibadilishwe, kwani namba inayoyumba ni kama shahidi anayebabaika. Pete au ndoano iliyopanuka, iliyopinda au yenye ufa isichomelewe wala kunyooshwa kwa nyundo, iondolewe kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka minyororo, kamba na vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 6. Hilo si hiari ya mwenye karakana.

Wapo watakaosema kwamba wafanyakazi wetu wamejifunza kwa mazoea, na kwamba kijitabu cha Kiingereza kinachokuja ndani ya sanduku kinatosha. Nakubali kwamba mazoea ni mwalimu. Lakini mazoea humfunza mtu lile lililokwisha kutokea, ilhali kijitabu humwonya juu ya lile ambalo likitokea mara moja hapatakuwa na mara ya pili. Onyo lisilosomeka si onyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ingekuwa jambo la busara kama chombo chochote cha kunyanyulia mizigo kinachouzwa nchini kingeandamana na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili sanifu, ukibandikwa mahali pa kazi. Ukurasa mmoja tu.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wafanyabiashara peke yao. Walimu wa fizikia na wa Kiswahili katika shule zetu za Kilifi na Malindi wanaweza kuianza bila ya kungoja waraka. Nawapa zoezi. Pimeni maji baridi lita 20 kwa chupa ya lita moja, myatie katika mtungi ambao uzito wake mmeujua, kisha mning'inize mtungi huo kwenye mizani. Maji hayo yana kilo 20. Mizani isiyosema hivyo, baada ya kuondoa uzito wa mtungi, ina la kujibu. Rudieni kwa maji ya bahari mwone yanavyozidi kwa nusu kilo hivi. Kisha wanafunzi waandike, kwa Kiswahili, walichopima: ni tungamo, ni uzito au ni kani? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo barabara atakuwa amejifunza fizikia na lugha kwa pamoja, na jioni ataweza kumweleza babake aliyeko ufuoni.

Neno 'mizani' tumelizoea katika ushairi, ambako mshairi huhesabu silabi zake nane upande huu na nane upande ule, na akikosea moja msikilizaji humshika papo hapo. Humshika kwa sababu anaijua kanuni. Wazee waliopima kwa kibaba, pishi na frasila nao walishikana hivyo hivyo, kwani kila mmoja alikijua kipimo. Mizani ya dijitali imetuletea usahihi ambao pishi haikuwa nao, lakini imekiweka kipimo ndani ya sanduku lililofungwa. Sharti tulifungue sanduku hilo kwa lugha yetu, ili mwenye samaki na mwenye kushika mnyororo waweze kuhoji namba wanayoonyeshwa kabla ya kuiamini.